Beseni la Kopais, wiki ya tatu: Herakles kaziba tundu

Leo tumezamisha mashamba. Mradi wenyewe ni bonde la Kopais, Boiotia huko Ugiriki, nalijenga ndani ya beseni la kufulia ambalo mama watoto alisema nisiliguse. Kopais milima imeizunguka, zamani mto Kephisos ulikuwa unaingia ila njia ya kutokea juu hamna, maji yalikuwa yanazama kwenye matundu ya mawe ya chokaa, wenyewe wanayaita katavothra, yanapita chini kwa chini mpaka baharini, matundu yakiziba tu bonde lilikuwa linageuka ziwa.

Matundu yangu ni matatu, nimetoboa kwa msumari wa moto nikachomeka vipande vya mpira wa maji. Halafu tuta. Zaidi ya miaka 3000 iliyopita watu wa pale waliubana mto upite pembeni, matuta na kuta za mawe mpaka kwenye matundu, katikati wakalima. Tuta langu la kwanza la udongo mtupu liliyeyuka kama uji jagi la kwanza tu. Hili la sasa lina simenti, limekaa, japo pale kwenye kona linatoa jasho.

Sasa hadithi. Mfalme Erginos wa Orchomenos, mji wa ukingoni mwa bonde, alikuwa anawatoza watu wa Thebes ng'ombe 100 kila mwaka, Herakles, yule shujaa mwenye nguvu wa hadithi za Kigiriki, akamtolea uvivu huyo Erginos, na Wathebes wakasimulia kwamba aliziba pale mto unapozama, uwanda wa Orchomenos ukajaa maji. Nikasema ngoja nijaribu, nikasokomeza tambara tundu moja tu, si mawili yamebaki? Wapi! Jagi la tatu mchicha wote unaelea. Binti yangu kaniangalia, "Baba, si ulisema Herakles ni mtu mzuri?" Nikamwambia kamuulize mtu wa Thebes. Maana kule Pheneos, mji mwingine wa Ugiriki, huyohuyo wanamsifu eti ndiye aliyewachimbia mfereji wa kutoa maji.

Pausanias, msafiri wa karne ya 2, hiyo stori hakuikubali. Alisema Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, kashalitaja ziwa, tena Waorchomenos walivyokuwa na mali wangeshindwaje kuzibua? Nilimwona ana pointi mpaka nilipovuta tambara langu. Limelowa, limevimba, limeingia ndani zaidi, nikivuta zinakuja nyuzi tu. Hata enzi za Aleksanda Mkuu mhandisi wake Krates alianza kusafisha njia hizo za maji na hakumaliza, watu wa Boiotia walikuwa wanagombana wenyewe kwa wenyewe.

Kesho naazima waya wa kuzibulia kwa fundi bomba. Beseni bado limejaa na kuna nguo za kufua.