Mjomba, barafu na panya wasio na kinga

Leo nimeharibu jeli. Sehemu ngumu nilikuwa nimeshaimaliza: nimevunjavunja oganoidi, vile vipira vya seli za saratani ya utumbo mpana tunavyovikuza maabara, nimezihesabu seli chini ya hadubini, nimezichanganya na jeli kwenye barafu. Ilibaki kudondosha matone kwenye sahani tu. Simu ikatetemeka mfukoni. (Najua. Simu haina kazi kwenye chumba cha kuoteshea seli. Nimeshasemwa.) Ilikuwa ujumbe wa sauti wa mjomba, aliyekatwa uvimbe wa saratani ya utumbo mpana, dakika moja na sekunde arobaini. Nikajiambia nisikilize mara moja. Nikasikiliza mara tatu, na muda wote huo mkono wa pili umeshika kichupa nje ya barafu.

Jeli hii kwenye baridi ni majimaji mazito. Ikipata joto la kiganja inaganda. Niliporudisha pipeti ndani, ilivuta kitu kama kamasi kisha ikakwama. Kazi ya wiki mbili ikaishia kwenye ndoo ya taka.

Mjomba alikuwa na maswali mawili.

"Mjomba, hebu nieleze wewe unayeshinda na mambo haya. Daktari alisema uvimbe umetoka wote, hata kingo zake ni safi. Sasa hizi dawa za miezi mitatu zinaua nini? Na la pili. Kuna habari nimetumiwa, wagonjwa kumi na wawili wamepona wote bila kupasuliwa. Mbona mimi hawanipi hiyo?"

Mwishoni akacheka kidogo, akasema siku hizi hafungui friji bila glavu. Dripu yake ina oksaliplatini, dawa inayoichokoza mishipa ya fahamu kiasi kwamba ukigusa kitu cha baridi vidole vinachomwachomwa kama umeshika waya wa umeme. Mimi vidole vyangu vinashinda kwenye barafu.

Nianze na la pili. Jibu lake nalijua vizuri, ila kumwambia ndio kazi.

Habari aliyotumiwa ni ya kweli. Mwaka 2022, madaktari wa Memorial Sloan Kettering, New York, walitangaza kwamba wagonjwa 12 wa saratani ya puru, mwisho wa utumbo mpana, walipewa dostarlimab peke yake, na kwa wote 12 uvimbe ukatoweka. Dawa hiyo haiigusi saratani yenyewe. Inafungua breki iliyo kwenye seli T, zile askari za kinga ya mwili, breki inayoitwa PD-1. Waliogundua breki hizi na namna ya kuzifungua, James Allison na Tasuku Honjo, walipewa Nobel mwaka 2018.

Kinachokatwa habari zikisambazwa ni sharti la kuingia. Wote 12 walikuwa na saratani ambayo mfumo wake wa kusahihisha makosa ya DNA umeharibika. Seli ikinakili DNA yake hukosea hapa na pale, na kuna protini ambazo kazi yake ni kupita nyuma zikirekebisha. Protini hizo zikifa, makosa yanarundikana, seli inaanza kutengeneza vitu vya ajabu, na seli T zikiviona zinajua huyu si mwenzetu. Saratani za utumbo mpana za aina hii ni kama 15 kati ya 100, na zikishasambaa mwilini zinabaki kama 5 kati ya 100. Kwa wenye aina hiyo mambo yamebadilika kweli: katika jaribio lililotolewa mwaka 2020, wale ambao saratani yao ilikuwa imesambaa walikaa miezi 16.5 kwa kipimo cha kati bila ugonjwa kusonga mbele walipopewa pembrolizumab, dawa nyingine inayofungua breki hiyohiyo, dhidi ya 8.2 kwa kemotherapi.

Uvimbe wa mjomba ulipimwa. Mfumo wake wa kusahihisha ni mzima. Saratani yake inanakili kwa uangalifu, na uangalifu huo ndio unaomponza. Hilo nimeliandika kwenye simu na kulifuta mara sijui ngapi.

Swali la kwanza ndilo lililonigandishia jeli.

Jibu la darasani ni kwamba dawa zinatafuta mbegu. Si kila seli ya uvimbe inaweza kuanzisha uvimbe mwingine. Zipo chache, seli shina za saratani, na hizo ndizo za kuogopwa. Mwaka 2007 timu mbili, ya John Dick kule Toronto na ya Ruggero De Maria kule Roma, zilionyesha jambo hilo kwa saratani ya utumbo mpana. Walizichagua seli zenye alama ya CD133 wakazipandikiza kwa panya. Kwa hesabu ya Toronto, ukichukua seli za uvimbe ovyo, ni moja tu kati ya 57,000 hivi inayoweza kuotesha uvimbe. Ukichukua zenye CD133, ni moja kati ya 262. Nilipoisoma karatasi hiyo mara ya kwanza nilipiga mstari chini ya namba zote mbili. Chini ya aina ya panya sikupiga.

Panya wale ni wa aina ya NOD/SCID. Hawana seli T, hawana seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Ilibidi wawe hivyo, la sivyo wangezikataa seli za binadamu. Lakini maana yake ni kwamba tulimsifu mwizi kwa kuingia nyumba isiyo na mlango. Mwaka uliofuata timu ya Sean Morrison, Michigan, ikachukua saratani nyingine, melanoma, ambayo iliaminika kuwa na mbegu moja kati ya seli milioni. Wakatumia panya walionyang'anywa hata seli NK, askari wengine wa kinga, wakachanganya seli na jeli kama hii niliyoimwaga leo, wakasubiri muda mrefu zaidi. Ikawa karibu moja kati ya nne. Kutoka milioni mpaka nne! Seli ni zilezile. Waliomlinda panya ndio waliopungua.

Mwaka huohuo wa 2008 ikaonekana kwamba hata seli zisizo na CD133 zinaweza kuotesha uvimbe. Nakumbuka niliudhika, kana kwamba mtu amenifutia notisi zangu.

Halafu zikaja tafiti za 2017, ambazo ndizo zilinifanya niache kufikiria mbegu kama kitu kilichokaa mahali na jina lake. Katika utumbo wenye afya, ambao utando wake hujijenga upya kila siku 3 hadi 5, kuna seli shina zenye alama ya Lgr5 chini kabisa ya vishimo vya utando. Timu ya Hans Clevers kule Utrecht ilizitambulisha mwaka 2007. Saratani nayo inazo. Miaka 10 baadaye timu mbili, moja Marekani na nyingine Japani, ziliua seli za Lgr5 ndani ya uvimbe, kwa makusudi, moja kwa moja. Uvimbe haukufa. Walipoacha kuziua, seli nyingine, zile zilizoonekana zimeshakua na kumaliza safari yao, zikarudi nyuma na kuwa shina. Yaani unang'oa mzizi, jani linateremka kuwa mzizi. Jambo moja tu lilileta faraja kidogo: kwa panya wa Marekani, saratani iliyohamia kwenye ini ilizihitaji seli za Lgr5 zaidi kuliko uvimbe wa utumboni.

Basi mbegu ni kazi, na karibu seli yoyote inaweza kuajiriwa. Ukifika hapo, kinga ya mwili si sura ya mwisho ya kitabu tena. Judith Agudo na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2018 kwa njia ninayoipenda sana. Walikuwa na seli T zinazowinda protini moja ya kijani, wakaziachia kwa panya ambao seli shina zao, seli nzima kabisa zisizo na saratani, zimepewa kijani hicho. Za utumbo, zinazogawanyika usiku na mchana, zilikamatwa. Za vinyweleo na za misuli, zilizolala, zilipitwa kama hazipo, kwa sababu zilikuwa zimeshusha vibao ambavyo seli huonyeshea vilivyomo ndani yake. Anayefanya kazi anaonekana, aliyelala anapitwa.

Na ndipo ninapofika kwa mjomba. Mwaka 2022 timu ya Eduard Batlle, Barcelona, ilifanya kwa panya kile alichofanyiwa yeye: wakaukata uvimbe wa utumbo, kisha wakatafuta kilichobaki kwenye ini. Panya hawa kinga yao ilikuwa nzima. Seli zilizobaki na kuirudisha saratani hazikuwa za Lgr5 mwanzoni. Zilikuwa na alama nyingine, EMP1, na koloni, yaani kikundi cha seli hizo, ilipokua ndipo Lgr5 ikarudi. Lakini kilichonikalisha kitako ni seli T. Koloni ikiwa ndogo, ya seli chache, seli T zilikuwemo ndani. Ilivyozidi kukua, zikabaki nje ya ukuta. Walipowapa panya tiba ya kinga, yaani dawa za kufungua breki, kabla ya upasuaji, zile seli zilizojificha zikafutika na saratani ikazuiliwa kurudi.

Kabla ya upasuaji. Kwa wagonjwa pia ipo dalili: jaribio la Uholanzi lililotolewa mwaka 2020 liliwapa tiba ya kinga watu ambao saratani yao haijasambaa, wiki chache kabla ya kisu. Kati ya 15 wenye mfumo mzima wa kusahihisha, kama mjomba, 4 waliitikia. Si wengi. Ila kwa aina hiyo ya saratani, ikishasambaa, dawa hizo peke yake karibu hazifanyi kitu. Mjomba alikatwa mwezi wa nne.

Sasa niseme kilichokuwa kwenye kichupa. Mwezi uliopita niliziweka seli T pamoja na oganoidi. Oganoidi nzima inapendeza: duara, angavu katikati, ukingo unang'aa. Seli T ziliizunguka, ukingo ukawa mweusi, kikapasuka, kikawa vumbi. Sahani nzima ikawa vumbi, nikafurahi. Siku ya tatu nikaona kwenye kona kipira kimoja, hakifiki seli kumi, na seli T mbili zimelala kandokando yake bila kujishughulisha nacho. Nikavitafuta vya namna hiyo kwenye sahani zote, nikavikuza, ili niviulize ni vya aina gani: vya Lgr5, vya EMP1, au vimelala tu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa kwenye jeli leo. Bahati nzuri robo yake niliigandisha kwenye naitrojeni.

Nimemjibu saa tatu usiku. Shikamoo mjomba. Nikamwambia dawa zinazitafuta zile ambazo huenda zilitoka kabla ya kisu, maana tezi mbili za limfu zilikutwa nazo. Inawezekana hazipo tena, na hakuna skani inayoweza kuziona zikiwa chache hivyo. Nikamwambia wale kumi na wawili saratani yao ina makosa mengi, ya kwako ina makosa machache, na dawa ile inaishi kwa makosa. Habari za mwezi wa nne na kabla ya kisu sikuzigusa.

"Marahaba mjomba," akajibu. "Kumbe. Haya, dripu ya tatu ni Alhamisi." Ikafuata picha: glavu zake za sufu, nyekundu, zimeshika mlango wa friji.

Nimetoa kichupa kingine cha jeli, nimekizika kwenye barafu kiyeyuke polepole mpaka asubuhi. Simu kesho itabaki kabatini, pamoja na koti.