Tunatafuta mtaa kwanza, nyumba itafuata

Mkataba wa nyumba tunayokaa Sinza unakaribia kuisha, na safari hii mimi na baba watoto tumekubaliana tuanze na mtaa. Mkubwa wetu yuko darasa la tatu, mdogo anaanza chekechea mwakani. Sinza ilitufaa sana tulipokuwa wawili. Usafiri uko mlangoni, chakula unakipata hata saa sita usiku, na rafiki zetu wote wako karibu. Kwa watoto mambo ni mengine. Pa kuchezea ni koridoni tu, na ikifika Ijumaa muziki wa baa iliyo nyuma yetu unatetemesha vioo mpaka alfajiri. Mdogo amezoea kulala na mto juu ya kichwa. Naumia kila nikimwona.

Basi tumekuwa tukizunguka pembezoni mwa jiji, wanakokimbilia wengi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ukitaka kujua hao milioni walioongezeka wamejibana wapi, panda gari la Goba, Madale, Kinyerezi, Chanika au Chamazi jioni, uone linavyojaa.

Cha kwanza tunachokagua ni maji ya mvua. Dalali mmoja alitupeleka kwenye nyumba nzuri sana bondeni, upande wa Segerea: vyumba vitatu, vigae vipya, rangi bado inanukia, kodi ya kushangaza kwa unafuu wake. Ilikuwa jua kali na kila kitu kilikuwa kikavu. Baba watoto ndiye aliyekiona kizingiti. Mlango wa mbele na wa jikoni, yote ilikuwa na ukuta mdogo wa tofali unaofika nusu ya goti, umepigwa lipu vizuri na kupakwa rangi ileile ya nyumba, hata mtu anaweza kudhani ni urembo. Kwa jirani napo kipo. Nyumba ya tatu napo. Nikamwamkia mama mmoja aliyekuwa anachambua mchicha barazani, nikamuuliza kama maji huwa yanafika hapa. Akanitazama, akamtazama dalali, akasema, "Mwanangu, njoo mwezi wa nne ndiyo uulize."

Mtu hapandishi ukuta mlangoni bila sababu. Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu na unapita mabonde hayo mpaka baharini, na kila masika, kuanzia Machi hadi Mei, unaijaribu mitaa iliyousogelea. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu za watu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nadhani kila mzazi anayepanga au kununua nyumba angetembea hatua hizo yeye mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi, kwa sababu wengi tunaonyeshwa nyumba wakati wa kiangazi.

Mambo mengine tuliyapitia haraka. Maji ya bomba yapo au mnaishi kwa boza? Taa za barabarani? Zahanati? Hayo dalali akikudanganya, jirani atakueleza.

Ila kuna jambo moja limenikaa moyoni kuliko yote, nalo ni shule. Siku moja niliamua kwenda kusimama Mbezi Mwisho alfajiri, nione mwenyewe. Giza lilikuwa bado halijatoka. Watoto wa sare walikuwa wengi kuliko watu wazima, wamejipanga ukingoni mwa lami na mabegi mgongoni. Gari likisimama, konda anajaza mlango kwa mkono wake: "Wanafunzi wawili tu! Wawili!" Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, kwa hiyo yeye anaona anapoteza siti. Binti mmoja wa kama miaka kumi alikuwa amemshika mdogo wake mkono. Nafasi ikapatikana ya mmoja. Akachungulia ndani, akamtazama mdogo wake, akarudi nyuma. Gari likaondoka bila wao, na lililofuata pia.

Wenye uwezo wanalipia basi la shule, nalo linapita saa kumi na moja kasoro, watoto wanapanda wakiwa usingizini na wanarudi jioni wamechoka hata kula hawataki. Siwezi kuita mtaa fulani mzuri kwa familia kama mtoto anaondoka na kurudi gizani. Geti liwe la umeme, paving iwe mpaka barabarani, bado mtoto huyo hauishi mtaa wake. Analala tu hapo.

Ndiyo maana tumeielekea Kibada, kule Kigamboni. Ni moja ya maeneo yaliyopimwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, na kupimwa huko unakuona kwa macho: barabara za mtaa zimenyooka, gari la zimamoto linaweza kupita, nyumba hazijabebana. Sehemu nyingi za jiji hili nyumba zilitangulia, njia ikaja kutafutwa baadaye, na anayekosa nafasi ni mtoto mwenye mpira wake. Kwenye nyumba tuliyoipenda, shule ya msingi unaifikia kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa. Tulikwenda hapo saa za watoto kutoka shule, tukakaa kwenye genge tukinunua nyanya tusizozihitaji. Mama mwenye genge alikuwa anawaita watoto kwa majina. Mmoja alipokatiza kuelekea kwenye pagale akamsimamisha: "Wewe, mama yako anajua unapita huko?" Mtoto akageuza njia. Nilimpenda yule mama palepale, na nikajua huku wanangu watakuwa na macho mengine zaidi ya yangu.

Baba watoto ndiye atakayebeba mzigo. Anafanya kazi Posta, na mama yake ameshamuuliza kama anahamia Zanzibar. Atapanda daladala mpaka feri, avuke na pantoni hadi Kivukoni, kisha atembee. Pantoni ikizidiwa kuna daraja la Kurasini lililofunguliwa mwaka 2016, ingawa huko gari linalipia na mzunguko ni mrefu. Tumelijadili usiku mwingi. Amesema afadhali achelewe yeye mtu mzima kuliko watoto waamshwe saa kumi.

Kiwanja hatununui sasa, ingawa madalali wameshaanza kupiga simu. Tutalipa kodi ya miezi sita, tutajitambulisha kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na tutaisubiri masika tukiwa humohumo ndani. Mwezi wa tano ukipita na tumeona maji yanakwenda wapi, ndipo tutaanza kuulizia viwanja na kupeleka namba zake manispaa kuhakikiwa.