Mguu mmoja ukivimba: nilivyomuuguza mama

Mama alipoanza mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa saratani ya mlango wa kizazi, tulijiandaa kwa yale yanayosemwa na kila mtu: uchovu, kuharisha, kichefuchefu cha dripu za kila wiki za sisplatini, dawa ya saratani. Mguu haukuwamo kwenye hesabu zetu. Alikuwa ametoka Mbeya kwa basi, akafikia kwangu Mbagala, na kwa jinsi alivyochoka akawa anashinda kitandani.

Mimi ni fundi cherehani, na jicho la fundi halitulii. Siku moja namvua malapa nikaona mkanda wa lapa la kushoto umeacha alama iliyodidimia, mguu wa kulia hauna kitu. Nikachukua tepu ya kushonea nikazungusha kwenye vigimbi vyote viwili. Kushoto kulizidi kwa sentimita nne. Ngozi yake ilikuwa imetanuka, ina joto, na mama akasema kunauma kwa ndani.

Mama mdogo alishainjika maji jikoni. "Huo ni uchovu wa basi, mwanangu. Niletee mafuta nimkande." Nikamwomba asubiri. "Mama mdogo, acha daktari auone kwanza ulivyo, ukishakandwa hatutajua ulikuwaje." Alinuna, lakini akaacha. Baadaye daktari alimweleza yeye mwenyewe: kama kuna bonge la damu kwenye mshipa, kukandakanda kunaweza kulichomoa, likasafiri na damu hadi kwenye mapafu na kuziba njia. Huko ndiko linakoua.

Daktari naye alitoa tepu. Alipima sentimita kumi chini ya goti, kila mguu, akasema tofauti inayozidi sentimita tatu ni mojawapo ya mambo wanayoyahesabu, na saratani yenyewe ni jingine. Kisha mama akapelekwa kwenye ultrasaundi ya mishipa. Nilisimama pembeni nikaangalia. Mpimaji anaukandamiza mshipa kwa kile kifaa, na mshipa usio na bonge unalala bapa palepale, kuta zake zinagusana. Wa kulia ulilala. Wa kushoto, pale kwenye nyonga, ulibaki mviringo vilevile kila alipobonyeza.

Nilitaka kujua imekuwaje, maana mama hajawahi kuugua mguu maishani. Jibu lilikuwa refu kuliko nilivyotarajia. Uvimbe wa saratani hutoa kemikali zinazoichochea damu igande. Baadhi ya dawa, sisplatini ikiwemo, huongeza hatari hiyo. Uvimbe ulio kwenye nyonga unaweza kuubana mshipa unaorudisha damu kutoka mguuni. Ongeza kulala muda mrefu na safari ya mchana kutwa kwenye kiti. Inakadiriwa kuwa mwenye saratani yuko kwenye hatari ya damu kuganda mara nne hadi saba kuliko asiye nayo, na miezi ya mwanzo baada ya ugonjwa kugundulika ndiyo mibaya zaidi. Saratani za kongosho, tumbo na ubongo ziko juu kabisa kwenye orodha. Za mapafu na za viungo vya uzazi vya mwanamke zinafuata kwa karibu. Si jambo jipya hata kidogo. Daktari wa Paris, Armand Trousseau, alilifundisha mwaka 1865, kisha akaziona dalili hizohizo mwilini mwake mwenyewe, na mwaka 1867 akafa kwa saratani. Habari hiyo nilisimuliwa na daktari kijana wakati tunasubiri majibu. Sikujua nicheke au nilie.

Kazi ngumu ilikuwa kumshawishi mama. Ugonjwa wake ulikuwa unamtoa damu, na sasa anaambiwa achomwe dawa ya kuzuia damu isigande. "Nyie mnataka iishe yote?" aliuliza, na kwa kweli swali lilikuwa na maana. Daktari hakulipuuza. Alisema dawa haiyeyushi bonge. Inalizuia lisikue, mwili wenyewe ndio unalimaliza polepole. Alichagua sindano za enoksaparini badala ya vidonge kwa sababu hiyohiyo ya kutokwa damu: sindano haikai mwilini muda mrefu, hivyo mambo yakiharibika inasimamishwa na nguvu yake inapungua upesi. Akaagiza pia damu ipimwe mara kwa mara, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ziangaliwe zisishuke mno, na figo, kwa kuwa sisplatini inazichosha na hiyo enoksaparini inatolewa mwilini kupitia figo hizohizo.

Kipimo kinafuata uzito: miligramu moja kwa kila kilo, asubuhi na jioni. Mama alikuwa na kilo 60, kwa hiyo sindano ya 60. Nesi alinifundisha kuchoma. Finya ngozi ya tumbo upate mkunjo, mbali kidogo na kitovu, ingiza sindano yote wima, sukuma taratibu, na usiachie mkunjo mpaka umalize. Kile kiputo cha hewa ndani ya sindano usikitoe, kimewekwa makusudi. Ukimaliza usisugue. Asubuhi kulia, jioni kushoto. Sindano zilizotumika nilikuwa nazitia kwenye dumu gumu la plastiki na kulirudisha kliniki. Mikono yangu imeshika sindano tangu utotoni, ila ile ya kwanza kwenye tumbo la mama ilinitetemesha.

Nyumbani niliweka sheria chache. Dawa za maumivu za duka la dawa, diklofenaki na ndugu zake, marufuku, maana zinaongeza kutokwa damu. Kila mtu, hata mwanangu wa darasa la sita, alijua vitu vya kukimbizia hospitali bila kusubiri kuche: kubanwa pumzi ghafla, kifua kuchoma akivuta hewa, kukohoa damu, kuzimia, choo cheusi kama lami, au kuanguka na kujigonga kichwa. Na kila asubuhi mama alitembea uani kabla ya chai, hata kama ni kwa kunishika bega.

Matibabu yalipoisha alihamishiwa vidonge, kutokwa damu kukiwa kumekoma. Aliambiwa atavitumia kwa miezi isiyopungua sita, na zaidi ikiwa saratani itakuwa bado hai. Safari ya kurudi Mbeya hatukuikimbilia. Tulikata tiketi za viti vya pembeni mwa njia, tukalala Iringa, na basi likisimama tulishuka wote. Ndani ya gari nilimhimiza akanyage na kuinua visigino mpaka abiria wa mbele akauliza kama mama anashona.

Sasa anakaa na mdogo wangu. Juzi jino lilimsumbua, akataka aende kung'oa mara moja. Nilimwambia kwenye simu asikae kwenye kile kiti kabla hajakitoa kikopo cha vidonge mkobani na kumwonyesha daktari wa meno. Akafanya hivyo. Daktari akampigia mwenzake wa saratani, wakapanga kung'oa Jumanne na saa ya kuruka kidonge. Mdogo wangu ameandika yote kwenye kalenda ya ukutani.