Asubuhi ya kukalafati Palamós

Babu yangu alikuwa fundi wa vyombo vya baharini Matondoni, Lamu. Harufu ya sifa, mafuta ya samaki yanayopakwa vyombo, niliijua kabla ya kujua kusoma. Kwa hiyo nilipofika Palamós, bandari ya wavuvi kaskazini ya Barcelona, na kuelekezwa karakana ya mzee mmoja aundaye vyombo vya mbao, niliingia kama mtu wa nyumbani.

Alikuwa na llagut juu ya magogo: chombo kidogo, kimechongoka omo na tezi, yaani mbele na nyuma, cha tanga la pembe tatu. Ndicho wavuvi wa Catalonia walichotegemea kwa karne nyingi kabla ya injini. Mzee alikuwa akikalafati, yaani akiziba nafasi baina ya mbao maji yasiingie. Alisokota katani, akaichomeka baina ya mbao mbili, akaigonga kwa patasi butu na nyundo ya mti. “Sikiliza,” aliniambia. Mshono usioshiba hutoa mlio mzito. Ukishiba, mlio hukauka. Babu akitumia pamba na mafuta, lakini sikio ni lilelile. Akanikabidhi nyundo.

Tukiwa kazini akanisimulia chombo alichokiunda ujanani. Umoja wa Ulaya ulipotaka kupunguza mashua za uvuvi, wavuvi walilipwa waache kazi, na mara nyingi sharti lilikuwa chombo kivunjwe. Mwenye chombo alikubali. Alikuwa na deni. Mzee aliomba apewe usukani tu, akakataliwa. Mashine ikamaliza kila kitu. Alisema hayo akiutazama ubao, si mimi.

Nilikasirika, na hata leo hasira haijaniisha. Samaki walihitaji kupumzishwa, hilo nakubali. Lakini chombo kisichovua tena kingeweza kubaki majini, vijana wakajifunzia humo, kama makumbusho ya uvuvi ya pale pale Palamós yanavyotunza mashua za kale zikielea. Kikivunjwa, fundi anayekuja atapima nini?

Baadaye akanionyesha foromali, mti unaobeba tanga: miti miwili iliyofungwa kwa kamba ikawa mmoja, sawa na ya kwetu. Tulipofika kwenye kugeuza tanga hatukuelewana. Yeye alisema upande mmoja huliacha lilalie mlingoti, chombo kikaendelea kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo. Nikamwambia kwetu foromali huzungushwa mbele ya mlingoti, watu wakakimbia na demani, kamba ya kuongozea tanga. Akatikisa kichwa, akachukua penseli, akachora juu ya ubao mpya. Nami nikachora pembeni yake. Tulibishana hadi mkewe akaja kutuita chakula.