Leo nimefika Namphake

Nipo Assam, kaskazini mashariki mwa India, kwenye kijiji cha Watai Phake, jamii ndogo yenye lugha na maandishi yake, kando ya mto Burhi Dihing. Nyumba zimeinuliwa juu ya nguzo. Hekalu lao la Kibudha lipo tangu 1850.

Mzee mmoja alifungua kitambaa akatoa kitabu kilichoandikwa kwa mkono. Herufi za mviringo, kingo zimeliwa na wadudu. Akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

Mjukuu wake akasogea, akamalizia sentensi.

Jamani, nilisisimka! Watu wenyewe ni elfu chache tu, Kiassam, lugha kuu ya jimbo hili, kimewazunguka pande zote, na bado mtoto anasoma maandishi yao.

Kwenu kuna maandishi ya wazee? Nani anayasoma siku hizi? Niambieni.