Nani alichimba kaburi la Rosine?

Ilikuwa Jumapili mchana, ami yangu ana shughuli zake Nyali akaniambia twende, na mie nilikuwa nimekwama na hadithi moja haiendi mbele hairudi nyuma, nikaona bora nitoke nyumbani. Tukachukua tuktuk pale Kengeleni. Kufika karibu na mnara wa Krapf ami akapigiwa simu, na ami akishika simu walai waweza kupika pilau ikaiva, basi nikajiendea zangu kwenye makaburi.

Yuko pale Rosine, mkewe Krapf. Mume twamjua sote, si ndo yule mmishenari Mjerumani wa kamusi ya Kiswahili, ile iliyotoka 1882 mwenyewe keshakufa. Lakini mkewe nani amtaja? Walikuja Mombasa 1844, Julai hiyohiyo homa ikamuua, na kitoto cha kike alichokuwa ndo kwanza amekizaa kikamfuata, na Krapf naye yuwaumwa homa hiyohiyo. Sasa mie kilichonishika ni hiki: mume hajiwezi, mke kafa, jembe lilishikwa na nani?

Bawabu mmoja wa jirani akanijia. "Kaka, una mtu wako hapa?"

"La, natafuta majina tu."

"Ya wafu?"

"Ya hadithi."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi nenda Frere Town bwana, majina yako kule."

Na kweli, manake wale waliokombolewa utumwani wakaletwa Frere Town kuanzia 1875, wengine walilelewa Nasik huko India na kubatizwa majina ya kizungu. Kuna mmoja Myao, ati William Jones, ndiye aliyerudi pwani na habari kwamba Askofu Hannington, yule Mwingereza wa Kianglikana aliyekuwa njiani kwenda Uganda, ameuawa, mauaji ya 1885 yale. Myao, Jones! Mamake alimwita nani jamani? Hilo peke yake ni riwaya nzima, ila siku hiyo akili yangu ilikuwa kwa mtu wa jembe.

Usiku nikamuandika. Nikamuita Masumbuko, jina nililolisoma kwenye kibao cha kaburi tulipokwenda kuzika jirani, likaniganda kichwani miaka. Yeye hamjui Krapf, kaitwa tu aje achimbe shimo, yuwachimba huku yuwawaza mvua na shamba lake.

Nilipomsomea ami, alisikiza kimya mpaka mwisho halafu akauliza, "Na huyo Masumbuko, walimlipa?"

Ikabidi nikae tena niandike.