Kipya cha Kaka

Mwaka 1998 Idi ilituangukia mwishoni mwa Januari, wakati ambao Tanga huwa na jua la kaskazi, nguo zinakauka hujamaliza kuanika. Mwaka ule hazikukauka. Mvua za El Niño zilianza tangu vuli na zikagoma kwenda kwao. Uani kwetu Ngamiani maji yalikuwa yanagonga kizingiti cha jiko, na baba, dereva wa lori la watu, alikuwa amekwama safarini, njia imekatika. Pesa ya sikukuu imekwama naye.

Mama akapata kanzu mpya moja tu. Kwa kukopa, nadhani. Hakusema, nasi hatukuuliza. Utaratibu wa nyumbani ulijulikana: kipya cha kaka, na cha kaka cha mwaka jana kinashuka kwa mdogo. Mimi nilikuwa na miaka 12, mdogo wangu 10. Tangu azaliwe alikuwa hajavaa kaptula ambayo sikuichakaza mimi kwanza.

"Mwaka huu sivai yako," akasema, akanitaja jina. Jina kavu, bila "kaka", mbele ya bibi, tena mwezi wa Ramadhani! Bibi akaacha kumenya magimbi.

Nikakamata mkono mmoja wa kanzu, yeye akakamata wa pili. Hatukuvutana hata dakika. Kwapa likaachia, trrr, na nyumba nzima ikanyamaza.

Mama hakupiga. Hilo ndilo lililotutisha. Alijifunga kanga kiunoni, akabeba kanzu zote mbili, akatuswaga kwenye matope mpaka barazani kwa fundi. Fundi alikuwa amezungukwa na watu wa Idi, kila mmoja akiapa kwamba yake iliahidiwa jana. Akatutazama juu ya miwani.

"Simameni mgongo kwa mgongo."

Akalaza rula yake ya mbao juu ya vichwa vyetu. Rula ikainama upande wangu. Nikajiinua kwa vidole vya miguu, fundi akanigonga bega: "Shuka, bwana. Umeishia hapo."

Mdogo wangu akavishwa ile kanzu ya zamani, ikamwishia katikati ya miundi. Nikavishwa mimi, ikanikaa vilevile kama mwaka jana. Pindo nene ambalo mama aliliacha ili nirefuke nalo lilikuwa bado limekunjwa, halijaguswa.

Mama alimtazama yule mtoto kutoka juu hadi chini, kama mgeni aliyepiga hodi.

"We! Si juzi tu nilikuwa nakufunga mbeleko?"

Kanzu mpya ikawa yake. Fundi alishona kwapa bure, labda alimwonea mama huruma. Mimi nilirudi nyumbani nyuma yao, nikihesabu madimbwi.

Asubuhi ya Idi nilisali naye ubavuni, na nia yangu, Mungu anisamehe, haikuwa njema. Takbira saba rakaa ya kwanza, tano rakaa ya pili, na kila mikono ilipopanda nilitega sikio nisikie uzi ukikatika. Haukukatika.

Tukazunguka mtaani kupokea mkono wa Idi. Mzee mmoja jirani, ambaye macho yalikuwa yameanza kumwacha, alitupapasa vichwa, akaupata ulio juu na ulio chini. Akampa mdogo wangu sarafu ya shilingi 100. "Ya kaka hii." Mimi akanipa 50.

Nilikuwa nimeshainamisha uso. Mdogo wangu akamshika mzee mkono.

"Babu, kaka ni huyu."

Akabadilisha sarafu mwenyewe, akaniwekea mia kiganjani. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Tukaaga kwa adabu, tukatoka. Hatujafika hata kona, nikaona mkono umenyooshwa mbele yangu, kwapa likiwa limebanwa lisifumuke.

"Kaka, nirudishie mia yangu."